Mwanangu kapata leseni, mimi nimepoteza usingizi

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia kutoka Mbeya. Nina duka la mchele Mwanjelwa. Mume wangu ni dereva wa lori, anabeba mzigo wa Dar es Salaam kwenda Lubumbashi, kwa hiyo kwa mwezi mzima anaweza kulala nyumbani siku nne au tano tu. Tuna watoto watatu. Wa kwanza ni wa kiume, ana miaka 19, amemaliza kidato cha sita na anasubiri chuo. Huyo ndiye anayenikesha.

Mwezi wa nane alipata leseni. Alisoma shule ya udereva wiki kadhaa, akafanya mtihani kwa trafiki, akafaulu. Siku aliyokuja nayo nilifurahi kweli, nikapika pilau. Baba yake akapiga simu akiwa Zambia, akasema kijana apewe ufunguo wa Noah, maana gari likikaa sana linaharibika. Tangu siku hiyo ufunguo unalala mfukoni mwake.

Mchana simlalamikii. Ananipeleka dukani, anamfuata mdogo wake wa mwisho shule, anakwenda kuchukua gesi. Shida ni jioni. Akiaga kwamba anafika Soweto, hapa hapa mjini, mara moja, mimi nahamia dirishani. Zikipita dakika ishirini napiga simu. Asipopokea napiga tena. Wiki iliyopita alinionyesha simu yake: nilikuwa nimempigia mara kumi na moja ndani ya saa moja na nusu. Akasema, "Mama, wewe utaniua kabla ya hilo lori unaloliogopa." Tukagombana, siku mbili hatukusemeshana.

Halafu Jumapili, tunatoka ibadani, jirani akaniuliza kama kijana wangu siku hizi amepata kazi Mbalizi, maana alimwona huko saa tano usiku, gari limejaa vijana wenzake, muziki unasikika mpaka ng'ambo ya barabara. Usiku huo mimi nilikuwa nimeambiwa yuko Soweto kwa rafiki yake. Sijamuuliza mpaka leo. Sijui nianzie wapi.

Shangazi, mteremko ule wa Iwambi kushuka Mbalizi ndiko nilikompoteza kaka yangu. Lori lilikosa breki, likakumba magari yaliyokuwa mbele yake. Yeye alikuwa abiria tu, anakwenda zake Vwawa. Nilikuwa na mimba ya huyu huyu mtoto. Mwanangu anajua kwamba mjomba alikufa kwa ajali, basi. Wapi, ilikuwaje, sijawahi kumwambia. Kila nikitaka kusema koo linakauka. Mimi mwenyewe sijui kuendesha, sikutaka kujua, na Costa ikianza kushuka pale nafumba macho mpaka tufike chini.

Sasa baba yake ameleta jipya. Anasema tunapoteza hela kukodi gari la kuleta mchele kutoka Kyela. Kijana aende na Noah, viti vya nyuma vitolewe, apakie magunia. Nikimwambia bado ni mtoto ananijibu, "Mimi nani alinifundisha? Nilijifunza barabarani. Mwache awe mwanaume." Na mvua ndiyo hizo zinakaribia. Nimewaza kuficha ufunguo. Nimewaza hata kuliuza gari baba yake akiwa Congo. Na mdogo wake wa kidato cha tatu, ana miaka 16, naye ameanza kumsumbua kaka yake amfundishe.

Nimkataze? Nimruhusu? Au hii hofu yangu ndiyo ugonjwa, nitafute dawa yake?

Mama wa watatu, Mbeya


Marahaba, mdogo wangu.

Pole kwa kaka yako. Naanza na hilo kwa sababu naona umelibeba miaka 19 bila mtu wa kukutua. Nitalirudia mwishoni.

Hofu yako si ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi duniani kwa watu wa umri wa miaka 5 hadi 29, na mwanao yumo humo katikati. Tena wewe unaishi kando ya barabara yenye historia yake. Hiyo TANZAM, barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Zambia, haikujengwa kwa ajili ya safari za sokoni. Ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 ili Zambia ipate njia ya bandari, baada ya njia zake za kusini kuingia kwenye mgogoro wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Mzigo wa Zambia na Congo bado unapita hapo, katikati ya jiji lenu, ukichanganyika na bajaji, bodaboda, guta na watoto wa shule. Kwa hiyo sitakuambia uache kuogopa. Ninachokiona kwenye barua yako ni kwamba hofu umeisimamisha dirishani na kuipa simu mkononi, wakati ndani ya Noah kiti cha kushoto kiko wazi.

Tuanze na simu, maana hiyo unaweza kuiacha leo hii. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linapita mita 22 kila sekunde. Kijana akiinamisha macho sekunde tatu aone nani anapiga, gari limeshakwenda zaidi ya mita 60, karibu upana mzima wa uwanja wa mpira, na dereva hatazami mbele. Ulipompigia mara kumi na moja ulimpa sababu kumi na moja za kuinamisha macho. Najua hukukusudia. Lakini alichokuambia mwanao, ingawa alikisema kwa ukali wa kijana, kina ukweli, na nadhani moyoni ulikijua ndiyo maana kikakuuma siku mbili. Mwombe radhi. Mwambie hutampigia tena akiwa barabarani. Naye simu iwe kimya ndani ya dashibodi gari likiwaka, na akishapaki akutumie neno moja, "nimefika." Mkikubaliana saa ya kurudi, akiona atachelewa asimame pembeni akupigie yeye. Utateseka siku za mwanzo. Vumilia, ushike ahadi yako, kwa sababu haya mengine yote yanasimama juu ya ahadi hiyo.

Sasa neno la mume wako, kwamba alijifunza barabarani. Nimelisoma mara mbili. Muulize swali moja kwa upole: kabla hajakabidhiwa lori, alikuwa nani? Madereva wengi wa malori wa rika lake walianza kama utingo, na ningeshangaa kama yeye hakuanza hivyo. Utingo anashuka kuweka gogo nyuma ya tairi. Anagonga matairi kusikiliza kama upepo umepungua. Kabla ya mteremko wa Kitonga anamwona dereva wake akirudisha gia mapema, kule juu, gari bado limetulia, wala hasubiri mpaka mwendo umemzidi. Anayaona hayo safari baada ya safari, mwaka baada ya mwaka, bila kugusa usukani, na siku anapopewa usukani kichwa chake kimeshaijua barabara. Mume wako ameisahau miaka yake ya utingo kama sisi tunavyosahau tulivyofundishwa kutembea. Kijana wenu hajawahi kuwa utingo wa mtu. Shule ya udereva imempa alama za barabarani, kupaki, kugeuza na kuondoka kwenye kilima bila gari kurudi nyuma. Hayo ni mambo ya maana na amefaulu mtihani kwa haki. Ila hakuna aliyekaa naye akishuka Iwambi nyuma ya lori lenye mzigo, mvua inanyesha, na nyuma yake Costa inamwashia taa ampishe.

Kiti hicho cha utingo kinakungoja wewe. Najua huna leseni. Yeye anayo, kwa hiyo wewe kukaa pale hakuhitaji chochote zaidi ya macho, na macho unayo: umekuwa abiria wa barabara hizo miaka yote.

Mimi nilikaa kiti hicho na binti yangu, na nilianza vibaya. Kila bajaji ikichomoza nilipiga kelele. Kila nikipiga kelele naye alikanyaga breki ghafla, mpaka siku moja gari la nyuma nusura litupande. Mwanangu alisimamisha gari pembeni, mikono inamtetemeka, akaniomba nishuke. Nilishuka kweli, nikarudi nyumbani kwa daladala nikiwa nalia. Ilinichukua wiki kurudi kwenye kile kiti, na niliporudi nilijizoeza kusema mapema na kwa sauti ya kawaida: "Yule wa guta anataka kuvuka." "Lori lile linaonyesha indiketa ya kulia." Jambo likishatokea, nafunga mdomo. Nakuomba uanze pale nilipoishia mimi.

Kuna na siku nyingine na binti huyo huyo. Tulikuwa tunashuka kutoka Isyonje kwenda Kiwira, ukungu umetanda, na yeye mguu ulikuwa kwenye breki tangu juu. Nikasikia harufu ya kitu kinaungua, nikadhani ni watu wanachoma mabaki shambani. Tuliposimama Kiwira moshi ulikuwa unatoka kwenye tairi la mbele. Fundi akatuambia tukae mpaka vyuma vipoe, tusimwagie maji, na wakati tunangoja akatueleza. Breki inapunguza mwendo kwa kusugua, na kusugua ni moto. Ukikanyaga mfululizo kwenye mteremko mrefu pedi zinapata moto mpaka hazishiki tena, na mafuta ya breki yakichemka pedeli inazama kama unakanyaga sifongo. Dawa yake ni gia ndogo, injini ndiyo ikushikie gari, na breki uiguse kidogo kidogo na kuiachia.

Nakuandikia hili kirefu kwa sababu vijana wengi sasa wanaendesha gari za otomatiki. Wanaweka D asubuhi na kuitoa jioni. Muulize mwanao zile alama nyingine kwenye gia, 2 na L, na kile kitufe cha O/D pembeni, ni vya nini: ndivyo vinavyolizuia gari lisipande gia kubwa. Asipojua usimcheke na usiogope, umepata somo la kwanza la baba yake. Na mume wako amwambie kwa kinywa chake kwamba kushuka mlima gari likiwa nyutro eti kuokoa mafuta ni kuliachia gari lijiendeshe. Neno hilo likitoka kwako litasikika kama woga wa mama. Likitoka kwa mtu anayeshuka Kitonga na tani thelathini mgongoni, ataliamini.

Kuhusu marafiki na usiku, kuna nchi zilizoliona tatizo hili mapema. New Zealand tangu 1987 dereva mpya hapewi uhuru wote kwa mkupuo. Kuna ngazi ya katikati ambayo haruhusiwi kuendesha usiku wa manane wala kubeba abiria bila dereva mzoefu pembeni. Kwetu mtu anatoka leseni ya kujifunzia na kuingia moja kwa moja kwenye leseni kamili, siku hiyo hiyo akitaka anaweza kupakia rafiki zake wote kwenda Tunduma usiku. Basi ngazi ya katikati iwekeni wenyewe nyumbani. Mpaka aende chuo, au miezi sita kama atabaki: kigiza kikiingia gari limeshalala, rafiki ni mmoja, na nje ya jiji haendi bila mtu mzima. Usimfiche sababu. Uchunguzi uliofanywa Marekani kwa madereva wa miaka 16 na 17 ulionyesha hatari ya dereva kufa inapanda kadiri vijana wenzake wanavyoongezeka ndani ya gari. Wala haina maana kwamba rafiki zake ni wabaya. Mmoja anabadilisha wimbo, mwingine anasema "lipite hilo lori," na kijana wa miaka 19 anaona aibu kusema hapana mbele ya watano.

Ile safari ya Mbalizi usiinyamazie. Usimtaje jirani wala usimtegee maswali ya kumnasa. Mwambie, "Najua ulikuwa Mbalizi usiku ule, na uliniambia Soweto." Kisha nyamaza, umpe nafasi aseme. Kwa uongo huo ufunguo ukae kwako wiki mbili, na baada ya hapo kila jioni ulale kwako. Lakini umwachie mlango mmoja ambao hautaufunga kamwe: akikwama popote, saa yoyote, kwa sababu amekunywa, au aliyeshika usukani amekunywa, au amechoka, aliache gari, apande bajaji, utailipa wewe akifika getini. Maneno mtayaongea kesho yake. Kijana anayejua kwamba atapokelewa kwa kelele saa sita usiku atachagua kuendesha.

Kyela, hapana. Bado. Hapa nasimama upande wako wote. Magunia sita ya kilo mia ni kilo 600, na Noah yenye uzito huo nyuma haishiki breki kama anavyoizoea, inaenda mbele sana kabla haijasimama, na kwenye kona inavutwa nje. Njia yenyewe unaijua: ukitoka Uyole unapanda mpaka kwenye ukungu wa Isyonje, halafu ni kona na miteremko hadi Tukuyu, sehemu inayopata mvua kubwa kuliko sehemu nyingi za nchi hii, halafu bado unashuka kwenda Kyela. Mvua za kwanza za Novemba ndizo mbaya zaidi, kwa sababu mafuta na vumbi la kiangazi chote vinageuka utelezi. Endelea kukodi gari. Hela ile ihesabu kama ada ya shule. Mume wako akiwa na siku nne za nyumbani, siku moja iwe ya mwanawe: waende Kyela wawili, gari tupu, mchana, kijana akiendesha na baba akiwa utingo. Safari inayofuata magunia mawili. Mwambie hivi: lori lake asingempa mtu wa miezi miwili.

Yule wa miaka 16 jibu lake ni fupi. Sheria inataka miaka 18 kwa gari, mikataba mingi ya bima inataka dereva mwenye leseni halali, na akimgonga mtoto wa mtu kwenye uchochoro wenu mtakaokwenda kituoni ni nyinyi. Kaka yake amkatalie. Mpe kazi ya kukagua maji, oili na upepo wa matairi kila Jumamosi, hiyo anaruhusiwa.

Narudi kwa kaka yako.

Mwanao anaijua hofu yako lakini hajui ilikotoka. Anachoona ni mama anayepiga simu mara kumi na moja, akihitimisha kwamba humwamini. Angejua kwamba kila akigeuza gari kuelekea Iyunga, njia ya Mbalizi, wewe unaliona lori lile, angekusikia kwa sikio jingine. Tena mjomba ni wake pia. Kwetu mjomba si mtu wa kutajwa kwa neno moja la "ajali" halafu basi. Anastahili kujua alikuwa anacheka vipi, alikuwa anakwenda kumwona nani Vwawa siku ile, na kwamba yeye alikuwa tumboni habari zilipofika.

Usimwambie siku mnayogombana, kwa sababu itageuka fimbo, na marehemu hafai kuwa fimbo. Chagua asubuhi kavu, mapema, gari likiwa na mafuta na breki zimekaguliwa. Kaa kiti cha kushoto, funga mkanda, mwambie akupeleke Mbalizi polepole, kwa gia ndogo, aache nafasi kubwa nyuma ya malori. Njiani usimsimulie kitu, aendeshe. Jitahidi kutofumba macho. Ukishindwa, mwambie, "Nimefumba macho, wewe endelea." Na mkifika chini tafuteni pa kupaki mbali na barabara, penye mama wa chai na maandazi, mkae. Anza na jina la kaka yako.